Kobe Mchanga Nyumbani

Mvua zinapoanza katika nchi kavu, watoto wanaochunga mbuzi hurudi jioni na kobe mdogo kiganjani. Hazidi sana kibiriti kwa ukubwa, rangi yake ya manjano na madoa meusi, na watoto humpenda mara moja. Yafaa wewe mwenye nyumba ujue mambo mawili kabla hujamtafutia sanduku.

Kwanza, kobe huyo si yatima. Mama yake alichimba shimo, akataga, akafukia, akaenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi minane au zaidi, pengine kupita mwaka, na watoto hutoka udongo ukilainishwa na mvua. Tangu siku hiyo kila mmoja hujitafutia chakula. Basi ukimkuta peke yake, hajapotea. Mwambie mtoto amrudishe pale pale alipomwokota, chini ya kichaka.

Pili, kobe ni mnyama wa mwitu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, yaani KWS. Usimnunue njiani, hata kwa huruma, maana muuzaji atarudi porini kuokota mwingine. Wale kobe bapa kama chapati, wanaoishi katika nyufa za mawe huko Ukambani, wamekaribia kwisha, na biashara ya kuwapeleka ng'ambo ni sababu moja kubwa.

Yanayofuata, basi, ni kwa yule mwenye kibali. Kobe wachanga wengi huuawa na wema wa nyumbani. Hupewa mkate, ugali, maziwa, hata nyama, nao hula, kwa hiyo mwenyewe hudhani amewatunza vizuri. Baada ya miezi gamba huota vinundu au hulainika, na miguu ya nyuma hushindwa kuinua mwili. Gamba si kama sanduku alilobeba mnyama; ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, nalo lina uhai. (Ndiyo sababu si halali hata kidogo kulitoboa ili kumfunga kamba, wala kulipaka rangi.) Mfupa huo hutaka chokaa na jua.

Chakula chake ni majani. Mpe ukoka na nyasi nyingine mbichi, magugu ya shambani yasiyopuliziwa dawa, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Sukuma wiki mara moja moja si kosa. Matunda matamu mwachie nyani. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe, yasage, unyunyize kidogo juu ya majani. Kobe wa porini hupata chokaa yao kwa kutafuna mifupa mikavu.

Jua lazima liwe jua lenyewe. Kobe aliyewekwa dirishani nyuma ya kioo hupata joto tu, kwa kuwa ile nguvu ya jua inayoimarisha mifupa huzuiwa na kioo. Mjengee kiboma uani, nusu jua na nusu kivuli, ukifunike kwa wavu wa kuku, maana kunguru, nguchiro na mbwa humwona kama kitafunio. Angalia siafu pia. Wakimkuta usiku, asubuhi utakuta gamba tupu. Akipinduka juani asiweze kujigeuza, hufa upesi, kwa hiyo ondoa mawe yenye kingo kali za kupandia.

Usiku mwingize ndani, katika sanduku lenye nyasi kavu. Huko nyanda za juu, baridi ya Juni na Julai ni hatari kwake, hasa akiwa na maji mwilini.

Watu hudhani kobe hahitaji maji. Mkubwa huvumilia kiu, mchanga hukauka. Mara mbili au tatu kwa wiki mweke katika sinia yenye maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni, dakika kumi na tano, akiwa juani asubuhi. Atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Maji hayo mwaga mbali na jikoni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwa sababu kobe huweza kubeba vijidudu vya kuharisha bila yeye kuugua.

Wazee husema kobe akiinama anatunga sheria. Mchanga akiinama siku mbili bila kula, macho yamevimba au pua inatoa mapovu, hatungi kitu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe dawa ya kuku.

Mpime kila mwezi kwa mizani ya jikoni, uandike uzito wake daftarini. Alianguliwa na gramu chache, thelathini hivi. Akitunzwa atapita kilo kumi, tena huenda akaishi miaka hamsini na zaidi. Kwa hiyo unapojaza fomu ya kibali, fikiri pia ni nani kati ya watoto wako atakayemrithi.