Majivu ya Tanuri la Taka Siyo Mbolea

Majivu ya kuni tumeyazoea tangu utoto. Twasugulia masufuria, twachanganya na mbegu za maharage zisiliwe na wadudu, twamwaga kwenye migomba. Ndiyo maana watu hutuomba hospitalini wachote yale ya tanuri la taka wapeleke shambani. Twawajibu hapana.

Moto huua vijidudu na kumaliza karatasi na pamba, lakini madini hayaungui. Risasi na kadimiamu za kwenye betri na rangi hubaki majivuni. Tena, plastiki yenye klorini, kama ile ya baadhi ya mifuko ya dripu, ikichomwa kwa moto hafifu huzaa sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo hushika zaidi majivu mepesi yapandayo na moshi. Ikiingia mwilini hukaa kwenye mafuta, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Yaweza kuleta saratani na kuharibu kinga ya mwili. Risasi nayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo.

Msidhani ni hofu ya wauguzi tu. Huko Byker, mtaa wa mji wa Newcastle, Uingereza, kati ya 1994 na 1999 majivu ya tanuri la taka, kiasi cha tani 2,000, yalitandazwa kwenye vijia, hata katika bustani ambako wenyeji hulima mboga na kufuga kuku. Yalionekana kama changarawe nzuri. Yalipopimwa, yakakutwa na dioksini na madini hatari. Mayai ya kuku wa pale nayo yalikuwa na dioksini, watu wakashauriwa wasiyale. Kuku hachagui anachodonoa!

Kwa hiyo majivu ya hospitali yakae kwenye shimo lililosakafiwa na kufunikwa, mbali na kisima. Nyumbani, msiwashie moto kwa mifuko ya plastiki, wala msitupe betri jikoni. Majivu ya jalala lililochomwa msiyapeleke bustanini.

Aliyekwisha kuyamwaga uani asiyafagie yakiwa makavu, kwani vumbi lake huvutwa puani. Ayalowanishe kwanza, ajifunge kitambaa puani, ayazoe na kuyafukia mbali na maji. Kuku wafungiwe kwanza, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Majivu ya kuni tupu, akina mama, endeleeni kuyapeleka kwenye migomba.