Ndoano Namba Ngapi kwa Sato, Namba Ngapi kwa Kambale?

Siku hizi swali ninaloulizwa sana na vijana wenye mabwawa siyo la chakula wala la vifaranga. Ni la ndoano. Wengi mmeanza kumwachia mteja ajivulie mwenyewe: anakuja Jumamosi na familia yake, anapewa ufito wenye boya, anavua, mnapima kwenye mzani, analipa. Wengine mna oda ndogo ya mgahawa, samaki kumi tu, na hamtaki kutibua bwawa zima kwa wavu. Biashara nzuri, na haihitaji mtaji mkubwa.

Shida inaanzia dukani. Mtu ananunua pakiti moja ya ndoano, zote saizi moja, halafu anategemea zifanye kazi kwa sato, kwa kambale, kwa mkubwa na kwa mdogo. Chukua mfano huu. Jumamosi moja samaki 10 wenye gramu 300 kila mmoja wanachanika mdomo na kuchomoka. Hao ni kilo 3. Kama kilo unauza shilingi 10,000, hapo una shilingi 30,000 zinazoogelea na vidonda. Samaki wa namna hiyo anaacha kula, kidonda kinaota ukungu, na baada ya siku chache unaweza kumkuta anaelea. Yote hayo kwa sababu ya kitu ambacho hakifiki bei ya soda.

Kwanza, elewa namba

Namba za ndoano huwachanganya wengi kwa sababu zinakwenda kinyume. Kuanzia namba 1, kadiri namba inavyopanda, ndoano inakuwa ndogo. Namba 14 ni ndogo kuliko namba 10, na namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukipita namba 1 kuelekea kwenye ndoano kubwa, utaona zimeandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea. Hizo zenye sifuri zinakua kadiri namba inavyopanda, yaani 3/0 ni kubwa kuliko 1/0.

Jambo la pili: watengenezaji hawalingani. Namba 8 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na namba 6 ya kingine. Kwa hiyo usinunue kwa namba peke yake. Itoe ndoano, uangalie ile nafasi kati ya ncha na shina lake. Nafasi hiyo ndiyo inayokamata samaki.

Pili, pima mdomo, usipime mwili

Hili ndilo neno kubwa la leo. Ndoano haichaguliwi kwa urefu wa samaki, inachaguliwa kwa mdomo wake na kwa chambo unachotumia.

Sato ana mwili mpana lakini mdomo mdogo. Hapigi chambo kwa fujo, anakionja, anakitema, anakirudia. Ukimpa ndoano kubwa, atamaliza chambo chote pembeni na wewe utabaki unaangalia boya linacheza. Kambale ni tofauti kabisa. Mdomo wake ni mpana, anatafuta chakula chini kwa kutumia sharubu zake, na akikipata anameza. Ndoano ndogo ataipeleka mpaka tumboni, na akianza kujinyonganyonga ataikunjua kama ni ya waya mwembamba.

Mimi huwa nawashauri wakulima waanzie hapa:

- Sato wa gramu 100 hadi 200: namba 12 au 14. Hawa bado si wa kuuza, lakini ujue kipimo chao.
- Sato wa gramu 250 hadi 500: namba 8 au 10.
- Sato wa zaidi ya nusu kilo: namba 6 au 8.
- Kambale wa chini ya kilo moja: namba 4 au 2, ya waya mnene.
- Kambale wa kilo moja na kuendelea: 1/0 hadi 3/0.

Ukiwa na bwawa la mchanganyiko, amua kwanza leo unauza samaki gani. Ukitaka sato, weka ndoano ya sato na boya likae juu kidogo, chambo kining'inie katikati ya maji. Ukitaka kambale, ongeza urefu wa mshipi chini ya boya mpaka chambo kikaribie tope.

Tatu, chambo kiendane na ndoano

Chambo kikubwa kwenye ndoano ndogo kinafunika ncha, na samaki hashikwi. Chambo kidogo kwenye ndoano kubwa kinaacha chuma wazi, na sato anashtuka. Kwa namba 8 au 10, punje moja ya mahindi laini, kipande cha nyungunyungu au donge la ukubwa wa punje ya maharage vinatosha. Kwa kambale, nyungunyungu wawili watatu kwa pamoja, au kipande cha utumbo wa kuku.

Kwa samaki waliozoea chakula cha dukani, loweka punje za chakula chao, changanya na unga wa ngano kidogo, ukande mpaka ushike. Wanaijua harufu hiyo. Na wateja wavue kabla hujalisha. Samaki aliyeshiba hana habari na ndoano yako.

Nne, muulize samaki uliyemtoa

Jedwali langu ni la kuanzia tu. Jibu la kweli liko kwenye mdomo wa samaki wa kwanza.

Ndoano ikikaa kwenye ubavu wa mdomo au kwenye mdomo wa juu, hapo umepatia, endelea nayo. Boya likizama mara kwa mara, ukivuta hakuna kitu na chambo kimeisha, shuka kwenye ndoano ndogo zaidi au punguza chambo. Samaki akija ameimeza mpaka kooni, ama ndoano ni ndogo mno ama mteja amechelewa kuvuta, kwa hiyo ongeza ukubwa na umwelekeze avute boya linapozama tu. Ndoano ikikunjuka, tafuta ya waya mnene zaidi kabla ya kubadili saizi.

Kijana mmoja niliyemtembelea alikuwa anawapa wateja ndoano za kambale kwenye bwawa la sato. Wateja walikaa saa mbili, watoto wakaanza kulia njaa, na watu wakaondoka na samaki wawili. Akaanza kusema bwawa lake lina samaki wajanja. Tulipoweka namba 10 na donge dogo la unga, sato walewale walianza kutoka. Ujanja wao ulikuwa ni mdomo mdogo tu.

Mambo matatu ya kulinda bwawa

Moja, bana kile kimwiba cha ndoano kwa plaizi mpaka kilale. Samaki mdogo atatolewa kwa urahisi na kurudi majini bila kuchanika. Mwambie mteja mshipi usilegee, basi. Aliyemeza ndoano usimvute kwa nguvu. Kama ana kilo ya kuuza, mpeleke kwenye mzani. Kama ni mdogo, kata mshipi karibu na mdomo na umrudishe taratibu.

Mbili, hesabu ndoano unazotoa asubuhi na zinazorudi jioni. Moja ikibaki kwenye nyasi za ukingo itamchoma mfanyakazi au mtoto wa mteja.

Tatu, usitumie samaki wa ndoano kukadiria uzito wa bwawa zima. Wanaokimbilia chambo ni wale wenye njaa na uthubutu. Sato jike anapobeba mayai mdomoni hali, kwa hiyo kwa ndoano humpati. Ukipanga chakula kwa wastani huo, utajidanganya. Kupima ukuaji tumia wavu wa kukokota.

Haya yote ni kwa bwawa lako mwenyewe. Ukitaka kupeleka wateja wakavue ziwani au mtoni, kule kuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kwa hiyo pita kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako.

Kwa kuanzia, nunua ndoano chache chache za namba 6, 8, 10, 2 na 1/0, uziweke kwenye kopo lenye vyumba, kila namba na mahali pake. Wikiendi hii toa samaki watatu kabla wateja hawajafika, fungua midomo yao uangalie ndoano imekaa wapi, ndipo uamue namba ya siku. Kazi njema.