Swichi ya Maziwa

Alfajiri Siongiroi, bodaboda zilizosheheni mitungi ya maziwa hushindana na jua kufika kwenye mitambo ya kupoza. Majirani wa Kericho watakwambia utajiri ni majani chai. Huku Chepalungu utajiri unakamuliwa. Lakini mimi hujiuliza swali ambalo mkamuaji hana haja nalo: mtu mzima anawezaje kunywa maziwa mabichi bila tumbo kumsumbua?

Sukari ya maziwa, laktosi, ni sukari mbili zilizoshikamana. Utumbo mdogo hauifyonzi mpaka ikatwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga wa mamalia huzaliwa na uwezo wa kukitengeneza. Baada ya kuachishwa ziwa, jeni yake haifi wala haipotei, bali huzimwa. Ndivyo alivyo ng'ombe, ndivyo alivyo sokwe, na ndivyo walivyo watu wazima wengi duniani. Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wakaichachua. Gesi na kuendesha ndiyo matokeo.

Jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa ilieleweka kwanza kupitia sukari hiyihiyi. Mwaka 1961, jijini Paris, François Jacob na Jacques Monod walieleza namna bakteria E. coli anavyoishughulikia laktosi. Protini moja huikalia DNA kama askari langoni, jeni zisisomwe. Laktosi ikiingia, zao lake humnasa askari huyo, akabanduka, na kazi ikaanza. Ikiisha, anarudi. Bakteria ana njaa na hana muda wa kupoteza, basi swichi yake iko jirani kabisa na jeni, na chakula chenyewe ndicho kinachoibonyeza. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, pamoja na André Lwoff.

Kwetu mambo ni mazito zaidi. Seli ya jicho na seli ya ini zimebeba DNA ileile, hivyo kila moja sharti ijue jeni gani ya kunyamazisha. DNA yetu imeviringwa kwenye protini kama uzi kwenye kibiringo, na palipobanwa sana hapasomeki. Halafu kuna swichi za mbali: kipande cha DNA kilicho maelfu ya herufi kutoka kwenye jeni hukunjwa hadi kikaigusa. Uhuru huo wa umbali, naamini, ndio uliowapa wanyama nafasi ya kujaribu maumbo mapya bila kuharibu jeni za zamani. Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson walionyesha kwamba protini za binadamu na za sokwe zinakaribiana mno. Wakahoji kuwa tofauti kubwa lazima iko kwenye udhibiti.

Swichi ya laktasi ni ya mbali, tena imekaa ndani ya jeni nyingine kabisa, MCM6. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 kutoka Kenya, Tanzania na Sudan. Walikuta herufi moja iliyobadilika, G kuwa C, kiasi cha herufi 14,010 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktasi. Wenye badiliko hilo hubaki na swichi imewaka hadi uzeeni. Walikadiria lilianza kuenea baina ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, ng'ombe walipokuwa wakisambaa kanda hii. Wazungu wana badiliko lao, herufi nyingine karibu na hapo. Kimeng'enya chenyewe hakikuguswa popote. Ni swichi tu, tena zaidi ya mara moja.

Si kila Mkipsigis wa huku Chepalungu ana herufi hiyo, na hapo ndipo kibuyu kinapoingia. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa katika sotet, yaani kibuyu, iliyosuguliwa kwa mkaa wa mmea wa senetwet, yakaachwa siku kadhaa. Mgeni ambaye glasi moja ya maziwa mabichi ingemkimbiza chooni humaliza kikombe cha mursik, ndiyo maziwa hayo yaliyochachuka, na kuomba kingine, kwa sababu ndani ya kibuyu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi kwa niaba yake.