Stesheni ya Voi Juu ya Meza

Reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi ina urefu wa kilomita 530 hivi. Hata ukiipunguza mara 87, kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi wa reli ndogo duniani, bado utahitaji kilomita sita za njia. Chumba changu ni mita nne kwa tatu. Ndiyo maana anayetaka kujenga reli nyumbani asikimbilie kununua injini. Kwanza achague: kipande gani cha njia, miaka ipi, na magari gani yalipita hapo. Mimi nilichagua Voi ya miaka ya sitini. Baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, nikalelewa katika nyumba za reli, na nilizitambua injini kwa milio yao kabla sijajua kusoma.

Wengi huanza na duara. Treni inazunguka meza, inazunguka tena, mpaka mtoto anachoka na sanduku linarudishwa juu ya kabati. Lakini reli haikujengwa izunguke. Ilijengwa ibebe mizigo na watu. Pale Voi injini ziliongezwa maji, treni zilipishana, na mabehewa ya mkonge kutoka njia ya Taveta yaliunganishwa na gari la kwenda Mombasa. Kazi hizo ndizo nilizotaka zifanyike mezani kwangu.

Reli yetu hiyo ina upana wa mita moja. Gawanya kwa 87, unapata milimita 11 na nusu. Reli ndogo inayouzwa ni ya milimita 12, na hutumiwa sana na mashabiki wa reli za milima ya Uswisi, ambazo nyingi nazo ni za mita moja. Hiyo nusu milimita sijaona jicho linaloigundua.

Fahari ya njia ile ilikuwa injini za daraja la 59, aina ya Garratt. Zilikuwa 34, zikaundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock kati ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili bado zipo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Kasimame kando ya gurudumu la mojawapo, utaelewa kwa nini watoto wa reli tulijivuna.

Injini kubwa hivyo iliwezaje kupinda kona? Hapo ndipo ilipo akili ya Garratt. Bwela limening'inizwa katikati, juu ya fremu yake yenyewe. Mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu na silinda, kila seti ikizunguka kwenye egemeo lake. Kwenye kona seti ya mbele inageuka kwanza, bwela linakata kona, ya nyuma inafuata. Kanuni hiyo haibadiliki injini ikiwa ndogo. Ya kwangu ina urefu wa sentimita 37. Mwili nimeukata kwa bati la shaba na kuupaka rangi ya damu ya mzee, na chini yake kuna mota mbili, moja kila upande. Inapita kona ambazo injini ndefu ya fremu moja ingeziacha na kulala ubavu.

Meza ni ya plaiwudi juu ya fremu ya mbao. Reli nimeilaza juu ya utepe wa koki ili kelele ipungue, kisha zikafuata kokoto. Humwagwa kavu, hupangwa kwa brashi kati ya mataruma, halafu hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili gundi ipenye bila kuziviringisha. Mwisho ni gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone kwa bomba la sindano. Udongo mwekundu ni wa Voi yenyewe. Niliukausha juani, nikauchekecha kwa kitambaa chepesi, kisha nikaupitishia sumaku mara kadhaa. Msiruke hatua hiyo! Sumaku hutoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma, na chembe hizo zikiingia kwenye mota huiua.

Umeme wa reli hii hauna hatari: volti 12 tu, upande mmoja reli ya kushoto, upande wa pili reli ya kulia. Ongeza volti, treni inakimbia; geuza nyaya, inarudi nyuma. Viungo vya reli havitegemeki kupitisha umeme, kwa hiyo kila kipande cha reli nimekichomea waya wake kwa risasi. Anayetaka injini kadhaa ziende kila moja kivyake kwenye njia moja atumie mfumo wa dijitali, ambapo kila injini ina kifaa kidogo kinachosikiliza amri zake peke yake. Reli zipanguswe kwa spiriti mara kwa mara, maana vumbi la huku pwani na unyevu wa bahari havina huruma.

Mwendo ndio unaotenganisha reli na mchezo. Treni ya mizigo ya kilomita 40 kwa saa, kwa kipimo changu, huenda sentimita 13 kwa sekunde: mita moja kwa takriban sekunde nane. Wageni huniomba niongeze. Siongezi. Treni ya tani nyingi haikurupuki, na ukiiona inavuta taratibu, behewa moja baada ya jingine likikaza mnyororo, unaamini uzito wake.

Jumamosi wapwa zangu huja kazini. Mmoja ni dereva, mwingine bwana stesheni. Njia ni moja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kupishana ila pale Voi, ambapo pointi huigawa njia kuwa mbili.

"Shangazi, nimpe njia wa Nairobi?"

"Mizigo yote imeingia? Behewa la mwisho limevuka pointi?"

Anainama, anatazama, ananiambia bado mawili. Basi wa Nairobi anangoja. Mwezi ujao tunaanza kulaza njia ya Taveta. Bwana stesheni ameshadai swichi yake mwenyewe, na nimemkubalia.