Mwuguzi mmoja, wagonjwa wangapi?

Mgonjwa akiisha kupasuliwa, mganga hunawa mikono, huandika maagizo yake, huenda kwa wengine. Tangu saa ile ni nani abakiye kando ya kitanda? Ni mwuguzi. Yeye hupima mapigo ya mshipa, hutazama kama damu yapenya katika bandeji, husikiliza pumzi usiku wa manane. Wengi hudhani kazi hiyo ni kutandika vitanda na kugawa dawa tu. Hata wenye elimu kubwa hudhani hivyo.

Bibi Linda Aiken, mwuguzi na profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huko Marekani, alitaka kuipima kazi hiyo kwa hesabu. Yeye na wenzake walichungua hospitali 168 za jimbo lile, pamoja na habari za wagonjwa 232,342 waliopasuliwa, wakauliza wauguzi 10,184 juu ya mzigo wao. Mwaka 2002 walitangaza waliyoyaona. Kila alipoongezwa mgonjwa mmoja juu ya mzigo wa mwuguzi, hatari ya mgonjwa kufa katika siku 30 ilizidi kwa 7 katika mia. Mahali mwuguzi alipotunza wagonjwa 8 badala ya 4, ilizidi kwa 31 katika mia!

Kwa sababu gani? Mara nyingi mgonjwa hafi ghafula, kama taa izimwavyo na upepo. Kwanza pumzi yake hubadilika, jasho la baridi humtoka, maneno yake huanza kupotea. Mwuguzi aliyefundishwa huitambua dalili hiyo, humwita mganga upesi, na mtu huokoka. Lakini anayekimbia huku na huku kati ya vitanda vinane, ataionaje?

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya Marekani. Basi, wataalamu wa Leuven, chuo kikuu kikatoliki cha Ubelgiji kilichoanzisha Lovanium huko Léopoldville mwaka 1954, waliongoza uchunguzi kama huo katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 2014 matokeo ya nchi 9 yalitangazwa, nayo yalikuwa yale yale: 7 katika mia kwa kila mgonjwa aliyeongezwa. Tena, hospitali zenye wauguzi wengi waliosoma chuo kikuu zilikuwa na vifo vichache zaidi.

Ni kweli, mambo mawili yakiandamana, si lazima moja liwe limezaa lingine. Kwa hiyo mfano wa Queensland, huko Australia, wafaa sana. Mwaka 2016 serikali yake iliamuru katika hospitali kadhaa kwamba, kwa wastani, mwuguzi asipewe wagonjwa zaidi ya 4 mchana, wala zaidi ya 7 usiku. Wachunguzi walilinganisha hospitali 27 zilizofuata amri hiyo na 28 zisizohusika nayo. Mwaka 2021 walikadiria kwamba vifo 145 viliepukwa. Na fedha, ambayo wakubwa huitaja kwanza? Wauguzi walioongezwa waligharimu dola za Australia milioni 33. Gharama zilizoepukwa, kwa kuwa wagonjwa walikaa siku chache na wachache walirudi hospitalini, zilikuwa milioni 69.