Ruziba Stima Ikipotea

Wasee, kuna maswali hayajibiwi na mtu hajawahi kukaa giza. Stima poa ni gani, ya maji, ya jua ama ya jenereta? Mimi jibu nililipatia kwa kiti cha kinyozi Ruziba, kusini mwa Bujumbura (Buja), Burundi, jua likizama.

Nimekulia Kayole, lakini binamu yangu anashikilia mtaa huko, ana kibanda cha kunyoa. Nusu ya kichwa imeshaisha, stima ikaingia mitini. Mtaa wote tii. Binamu hata hakuguna. Alichomoa mashine kwa soketi moja, akachomeka kwa ingine, mashine ikanguruma, stori ikaendelea penye tulikuwa.

Juu ya bati ana paneli ya wati 100, chini ya benchi betri ya volti 12. Jua likichapa siku nzima, hiyo paneli inamletea kama wati-saa 400. Mashine ya kunyoa inakula wati 12 hivi, so hata akinyoa masaa kumi mfululizo ni 120 tu. Zingine zinaenda kwa balbu, redio na zile simu za majirani zimelala kwa rafu zikichajiwa. Hapo jua limeweza, na hakuna mtu wa kulipa.

Sasa cheki. Mama fundi wa nguo wa mlango wa pili akaingia na pasi ya umeme mkononi, ana suruali ya mteja inangojewa.

"Mama, unisamehe, hii hapana. Utaniulia betri."

Na alikuwa sawa. Pasi ni wati 1,000. Nusu saa yake ni wati-saa 500, zaidi ya zile paneli imekusanya kutoka asubuhi. Na betri kama hiyo ukiikamua mpaka chini kila siku, inakufa mapema, na bei ya betri mpya si ya kubongea kwa kiti cha kinyozi. Mama akarudi kwake, akawasha pasi ya makaa.

Ng'ambo ya barabara kuna jenereta. Inaweza kubeba pasi mbili bila kutoa jasho, lakini ilikuwa kimya kama jiwe. Petroli hakuna. Burundi haina kisima cha mafuta wala bandari ya bahari, kila lita inanunuliwa na doh ya kigeni, na mingi inatoka Dar kwa malori. Dola zikikauka, foleni zinalala barabarani usiku kucha. Kwangu mimi jenereta ni ya dharura, kama ile ya wodi ya hospitali. Kutegemea hiyo kwa biashara ya kila siku ni kujitafutia ngori.

Sasa hapo ndio naheshimu maji. Kitu cha kubeba pasi, mashine ya kusaga na friji za mtaa mzima, Burundi imekuwa ikitafuta mitoni: Mugere, si mbali na hapa, halafu Rwegura, megawati 18 tangu 1986. Kuna mabwawa ya Rusizi, mto unatoka Ziwa Kivu na kumwagikia Ziwa Tanganyika hapa Buja. Rusumo nayo, megawati 80, Burundi inagawana na Rwanda na Tanzania. Maji yanazungusha usiku na mchana. Shida ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, mito inapunguka na mitambo inapumua kwa shida.

Lakini manze, hapo ndio kuna kitu wasee wengi hawajacheki. Hiyo miezi mito inanyong'onyea ndio hiyo hiyo jua la Burundi linawaka bila wingu. Mvua ikirudi, wingu linakaba paneli, mito inajaa. Kila moja inaamka mwenzake akichoka! Ndio maana mtambo wa jua wa Mubuga, kule Gitega, wa 2021, naupenda sana hata kama ni megawati 7.5 tu. Mchana ukisukuma stima kwa waya, bwawa linaweza kutunza maji ya usiku. Sisi Kenya tuna mvuke wa Olkaria, haujali mvua wala jua, ndio sababu tunasahau kuuliza haya maswali.

Binamu alikuwa anapangusa shingo yangu na spiriti, mvuvi mmoja akapiga hodi, ana haraka. Alikuwa ameacha betri ichajiwe tangu asubuhi. Zamani walishuka ziwani na karabai za mafuta ya taa, sahi ni taa za LED, na ndagala (dagaa wa huko) wanafuata mwanga vile vile. Akalipa, akabeba betri begani.

Tulitoka nje na binamu. Mtaa bado ulikuwa giza. Huko ziwani, usiku usio na mwezi, taa zilishaanza kuwaka moja moja, mpaka maji yakawa na mwanga kushinda Ruziba yenyewe.