Kupanda Miamba ya Jangwani: Subiri Jiwe Likauke

Mkazi aliyejifunza kupanda miamba Hell's Gate, kule Naivasha, na sasa anapanga safari ya Wadi Rum, kusini mwa Yordani, ajue jambo moja kabla ya kulipia tiketi: jiwe la huko si kama la hapa kwetu. Mnara wa Fischer ni jiwe la volkano. Milima ya Wadi Rum ni mchanga ulioshikamana kwa mamilioni ya miaka, na baadhi ya vitu vilivyoushikanisha hulainika vikipata maji.

Mvua ni haba huko, lakini ikinyesha jiwe huyanyonya maji. Jua na upepo hukausha uso wake upesi, ilhali ndani bado kubichi. Pembe ya jiwe iliyombeba mtu mzima jana inaweza kumegekea mkononi leo, au chuma kinachoshikilia kamba kikachomoka. Kwa hivyo wapandaji wazoefu husubiri siku moja hadi tatu, na zaidi mvua ikiwa kubwa. Kabla ya kupanda, fukua mchanga chini ya mwamba kwa kina cha kiganja. Ukikuta unyevu, rudi kambini unywe chai. Pembe ikishavunjika haioti tena, na atakayekuja kesho atakuta njia imeharibika.

Mabonde makavu nayo hufurika kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama hapo ulipo hakuna wingu. Hili twalijua kwa uchungu: mwaka wa 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua watalii korongoni Hell's Gate. Usipige hema wala kuegesha gari kwenye mkondo mkavu.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, kisha Oktoba na Novemba. Kati ya Juni na Agosti joto ni kali mno.

Chukua mwongozaji mwenyeji. Wabedui walipanda milima hii bila kamba, wakiwinda mbuzi wa milimani, zamani kabla ya wapandaji wa kigeni kufika. Mwingereza Tony Howard na wenzake walipokuja mwaka wa 1984 kutafuta njia za kupanda, wenyeji ndio waliowaonyesha nyingi kati ya hizo. Leo kuongoza wageni ni riziki ya familia nyingi pale, na tangu 2011 eneo hilo limo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wenyeji ndio wanaojua pia chemchemi zilipo: maji hupenya jiwe la mchanga hadi yakutane na mwamba mgumu wa matale chini yake, kisha hutokea ubavuni mwa mlima.

Mwisho, soma bima yako ya safari. Nyingi hazigharamii ajali ya kupanda miamba kwa kamba, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi.